Mwaka wa Kubishana na Mtu Nisiyemwona

Shule niliyokuwa nikifundisha baiolojia ilikuwa Mikocheni, nyuma ya kiwanda cha biskuti, ndani ya nyumba ya ghorofa moja ambayo mwenye shule aliijenga ili akae na familia yake. Shule za watu binafsi zilipoanza kuota kila mtaa, akaona afadhali aigeuze madarasa. Maabara yangu ilikuwa jiko la zamani. Lilikuwa na sinki, na nadhani hilo sinki ndilo lililoamua.

Mwaka ule wa mvua za Elinino, marafiki wa shule walioko ng'ambo walituletea kompyuta. Ikafungwa kwenye chumba kidogo kando ya ofisi ya mkuu, ikaunganishwa na laini ya simu. Kazi ya kuitunza alipewa mwalimu wa hesabu, maana ndiye pekee kati yetu aliyewahi kuigusa mashine ya aina hiyo. Alikuwa mama wa makamo, Mhindi, mzaliwa wa Kariakoo, na Kiswahili chake kilikuwa cha mjini kuliko changu mimi wa Temeke. Kila siku baada ya vipindi, kama umeme upo na simu inashika, aliiwasha, ikakoroma na kupiga miluzi, kisha barua zikaanza kushuka.

Kaka yake aliyehamia ng'ambo ndiye aliyetuunganisha na jukwaa la majadiliano kuhusu Afrika. Wakati huo jambo lenyewe lilikwenda kwa barua pepe: mtu mmoja akiandika, wote waliojiandikisha wanapata, popote walipo duniani. Mwanzoni ilikuwa raha. Watu walizungumzia malaria, bei ya kahawa, mpira, na kama ugali wa muhogo ni chakula au ni adhabu. Mimi niliandika kuhusu mbu. Nilijibiwa na daktari mmoja wa Ghana na mama mmoja wa Brazili, na siku ile nilirudi nyumbani Tegeta nikiona dunia imesogea karibu.

Kisha akaja yule bwana.

Alijitambulisha kuwa ni mhandisi, anaishi nchi ya baridi, na kwamba hajawahi kukanyaga Afrika lakini anaipenda. Aliandika kwa adabu sana. Tulikuwa tukiandikiana kwa Kiingereza, kwa hiyo hapa namweleza kwa maneno yangu, lakini adabu yake naikumbuka vizuri. Kila barua ilianza na kuomba radhi. Anaomba radhi kama swali lake litaumiza, lakini je, hatudhani kwamba umaskini wa Afrika chanzo chake ni ubongo wenyewe? Wapo wataalamu, akasema, waliowapima watu akili, na vipimo vinasema hivi na hivi kuhusu watu weusi. Yeye hana chuki. Anauliza tu.

Nilimchukulia kama mwanafunzi aliyeelewa vibaya. Ndiyo kazi yangu. Mtu akikosea, unarudi nyuma hatua moja, unaeleza upya. Nikakaa mbele ya kompyuta, nikamweleza jinsi sifa za mwili zinavyorithiwa, na kwamba tofauti kati ya watu wawili wa kijiji kimoja inaweza kuwa kubwa kuliko tofauti kati ya kijiji na kijiji. Nikamweleza kuhusu wanafunzi wangu wa kidato cha kwanza wanaotoka shule ambazo watoto wanakaa chini sakafuni. Muhula wa kwanza wanafeli, wanaonekana mbumbumbu. Ukija kuwaona kidato cha tatu, hao hao ndio wanaowafundisha wenzao. Je, ubongo wao umebadilishwa lini?

Mwalimu wa hesabu alisoma nyuma ya bega langu. "Umeandika vizuri," akasema. "Lakini yule hajauliza ili ajibiwe."

"Wewe tuma tu," nikamwambia.

Alijibu kesho yake. Alinishukuru, akasema nimemfikirisha sana. Kisha akauliza kuhusu maandishi. Kama akili ni zilezile, kwa nini kusini ya Sahara watu hawakuandika? Nikamweleza kuhusu bibi yangu, ambaye hakukanyaga shule ya serikali hata siku moja lakini aliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, mwandiko mzuri, na wanawake wenzake walikuja kumwomba awaandikie. Akanijibu kwamba herufi hizo ni za Waarabu. Nikamwambia na hizo anazonitukania ni za kuazima vilevile, watu wa kwao hawakuzibuni. Hapo hakugusa. Alihamia kwenye majumba ya mawe. Nikampa Kilwa. Akasema Kilwa walijenga wageni. Kila nilichokiweka mezani alikichukua, akampa mtu mwingine, kisha akanionyesha meza ikiwa tupu na kuniuliza mbona hakuna kitu.

Msimamizi wa jukwaa, ambaye sikumjua ni nani wala anakaa wapi, alikuwa akiingia mara moja moja na kuzisihi pande zote mbili ziwe na staha. Pande zote mbili. Mimi nilikuwa upande mmoja kwa sababu ya kusema kwamba mimi ni mtu.

Pale shuleni nilikuwa shujaa. Mwalimu wa historia, kijana mcheshi kutoka Shinyanga, aliyachapisha majibu yangu na kuyabandika kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya walimu, kando ya ratiba ya zamu. Aliyasoma kwa sauti wakati wa chai. "Mwanasheria wetu amemkamata tena huyu," alisema, na walimu wakagonga meza. Sitadanganya, nilipenda. Lakini baada ya chai wao walikwenda darasani, na mimi nilibaki na yule bwana kichwani.

Nilibaki naye njia nzima mpaka Tegeta. Tulikuwa tumejenga kule nyumba ambayo haikuwa imekwisha, haina dari, na upepo ukigeuka vumbi la kiwanda cha saruji lilitua juu ya kila kitu, mpaka kwenye sufuria. Nikipepeta mchele, namjibu. Nikikung'uta mashuka, namjibu. Siku za mwanzo mume wangu aliuliza, "Leo kasemaje?" nami nilimsimulia, akacheka, akakasirika pamoja nami. Baadaye akaacha kuuliza. Halafu jioni moja tuko mezani, kijiko changu kimesimama hewani, akaniambia taratibu, "Mwache huyo mtu nje, tule."

"Nani?"

"Unamjua. Amekaa hapa tangu mwezi uliopita, na wala hachangii mboga."

Nilicheka. Lakini nilipolala nilikuwa nimekaza meno, na asubuhi taya liliniuma.

Kisha akaniandikia barua iliyonigusa pabaya kuliko zote, na ilikuwa barua ya sifa. Alisema ameona naandika kwa mantiki na kwamba Kiingereza changu ni safi. Akauliza, kwa heshima, kama katika ukoo wangu kuna damu ya Kiarabu. Kwa sababu, alisema, ingeeleza mambo mengi.

Jumapili yake nilikwenda Temeke kumsalimia mama. Nilimkuta uani anachambua mchicha. Nilimwamkia, nikakaa kwenye mkeka, nikamsaidia, na katika kuchambua nikamsimulia habari za yule bwana tangu mwanzo. Mama alisikiliza bila kuinua uso.

"Kwa hiyo unatoka kwako Tegeta," akasema, "unakwenda kukaa kwenye mashine, ili utukanwe?"

"Namjibu, mama. Si vizuri kumwachia."

"Na sasa kauliza nini?"

"Kauliza kama tuna damu ya Kiarabu."

Hapo mama akainua uso. Uso wake ulikuwa umechangamka. "Sasa si umwambie," akasema. "Mwambie babu yako mzaa mama alikuwa Mshirazi. Wa Kilwa Kisiwani, watu wakubwa, asili yao ng'ambo ya bahari. Mwambie sisi si watu wa hivihivi tu. Ataona aibu."

Niliendelea kuchambua. Habari ya babu Mshirazi nimeisikia tangu utotoni. Ilisimuliwa harusini, ilisimuliwa msibani, na ilisimuliwa sana nilipomleta mume wangu, mtu wa bara, ambaye mama alichukua muda mrefu kumzoea. Ilikuwa ndiyo johari ya ukoo. Na yule bwana wa nchi ya baridi, ambaye hatumjui na hatutamjua, alikuwa anaiomba hiyohiyo.

"Nikimwambia hivyo, mama, atafurahi," nikasema. "Ndicho anachokitaka. Atasema unaona, akili yake imetoka Ushirazi."

"Basi akisema hivyo kuna ubaya gani?"

"Na baba je? Baba Mzaramo mtupu. Yeye alinipa nini?"

Mama alirudi kwenye mchicha wake. Alichambua matawi kadhaa. "Baba yako alikupa ubishi," akasema, na sote wawili tukacheka, tukaacha maneno hapo. Nilipoondoka alinifungia mchicha kwenye gazeti. Alikuwa mama yangu, na siku ile sikuwa na nguvu ya kumsahihisha mama yangu.

Wiki chache baadaye mkuu wa shule alitangaza kwamba anahitaji msaidizi. Wote tulijua mwenye sifa ni mwalimu wa hesabu. Alikuwa amefundisha muda mrefu kuliko sisi, hakuchelewa, na ndiye aliyepanga ratiba ambayo mkuu aliitia sahihi. Nyakati zile magazeti yalijaa mjadala wa uzawa, nani mwenyeji na nani mgeni, nani anunue viwanda vya serikali vinavyouzwa, na neno gabacholi, tusi la kuwaita Wahindi, lilikuwa likirushwa kwenye mikutano ya siasa kama jambo la kuchekesha. Mjadala huo ulifika mpaka kwenye chai yetu.

Mwalimu wa historia ndiye aliyeuanzisha. Alikuwa akimenya yai. "Mie si mbaguzi," akasema, "mnanijua. Lakini hawa wenzetu ukimpa mmoja ofisi, keshokutwa ofisi yote ni ya shemeji zake. Ndivyo walivyo. Iko kwenye damu."

Nyuma yake, ubaoni, yalikuwa yamening'inia majibu yangu aliyoyabandika mwenyewe.

"Iko wapi kwenye damu?" nikamuuliza. "Mie nafundisha damu. Nionyeshe."

Watu wakacheka kidogo. Yeye hakucheka. "Mwalimu, usichanganye mambo. Yule Mzungu wako anatudharau bure, hatujamkosea kitu. Hawa ni historia. Baba yangu alilima pamba. Alibeba magunia kichwani mpaka kwa Mhindi mnunuzi, na mizani ya yule Mhindi ilikuwa inaiba mchana kweupe. Mie nilikuwepo, nilishika kamba ya gunia. Hayo sikuyasoma."

Niliamini kila neno. Sauti yake ilikuwa imebadilika, na mkono ulioshika yai ulikuwa umetulia.

"Pole sana," nikasema. "Lakini aliyempunja baba yako ni yule mwenye duka. Huyu ni mwalimu wa hesabu wa Mikocheni. Amekupunja nini?"

"Wewe huoni kwa kuwa ni rafiki yako."

"Na yule bwana wa kwenye kompyuta naye anasema ana ushahidi. Anasema watu weusi wachache walipimwa wakaonekana hivi, basi wote ndivyo walivyo. Tunamcheka kila siku hapa."

Hakuna aliyegonga meza. Mwalimu wa Kiswahili alitazama kikombe chake. Mwalimu wa michezo alikumbuka ana kipindi. Nikatambua kwamba wote walikuwa wakitazama nyuma yangu. Nilipogeuka nilimwona mwalimu wa hesabu mlangoni, chaki mkononi, amesimama sijui tangu saa ngapi.

"Chai bado ipo?" akauliza.

Mtu akamsogezea chupa. Alimimina, akaweka sukari, akakoroga, akaketi kwenye kiti chake cha siku zote, akaanza kusahihisha. Kengele ilipolia tulitoka mmoja mmoja.

Mchana nilimfuata kwenye chumba cha kompyuta. Umeme ulikuwa umekatika na alikuwa amekaa tu mbele ya kioo cheusi, akisubiri. Nilianza kumwambia kwamba asijali, kwamba nitazungumza na mkuu, kwamba mwalimu wa historia si mtu mbaya ila ana uchungu wake. Aliniacha nikafika mwisho.

"Shoga," akasema, "naomba usinitetee."

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Ukinitetea, wao wanajibu. Wakijibu, nawe unajibu. Na mie nimekaa pale najadiliwa kama bei ya sukari. Tangu niko mtoto wa Kariakoo najadiliwa. Majumba yetu yalipotaifishwa tulijadiliwa, baba akazima redio mwezi mzima. Sasa ni viwanda, tunajadiliwa tena. Nimechoka kuisikiliza habari yangu, hata inaposemwa na mtu mwema."

"Kwa hiyo ninyamaze?"

 Nje, kwa kuwa hapakuwa na umeme, jenereta la kiwanda lilinguruma, na harufu ya biskuti iliingia dirishani kama kawaida ya saa zile.

"Sijui," akasema. "Mie mwenyewe nyumbani kwetu nayasikia ya kuhusu nyie, kila Ijumaa wakija mashangazi. Kwamba Mwafrika mvivu, kwamba usimwachie funguo. Nikisema neno naambiwa nimekuwa Mswahili. Siku nyingine nasema. Siku nyingine naingia jikoni naosha vyombo."

 Umeme haukurudi siku ile, tukafunga chumba, tukatoka.

Cheo cha msaidizi hakukipata yeye wala mwalimu wa historia. Mwenye shule, mtu mweusi kama mimi, alimleta mdogo wake, ambaye alikuwa ameachishwa kazi kwenye shirika moja la umma lililobinafsishwa, na ambaye hakuwahi kufundisha. Mwaka uliofuata karani wa ada akawa shemeji wa huyo msaidizi. Nilimtazama mwalimu wa historia siku alipotambulishwa kwetu yule shemeji. Alinitazama pia. Hakusema neno damu, nami sikumkumbusha.

Kwenye jukwaa, yule bwana aliendelea. Alikuwa hajapumzika hata kidogo, na hapo ndipo nilipoanza kuona tofauti yetu. Mimi kila barua ilinila. Nilisoma, nilitafuta kitabu, niliandika, nilifuta. Yeye swali lilimchukua dakika, na maswali hayakumwishia. Alikuwa amerudi kwenye vipimo vya akili, palepale tulipoanzia, kana kwamba niliyomweleza mwanzoni hayakuwahi kuandikwa. Mwisho wa barua aliongeza kwamba bado sijamjibu kuhusu ukoo wangu.

Nilikaa mbele ya kioo mchana mzima. Mwalimu wa hesabu alikuwa pembeni yangu akipanga maswali ya mtihani, na hakusoma nyuma ya bega langu. Hatimaye niliandika mistari michache. Nilimwambia kwamba ukoo wangu ni wa watu, kwamba hilo ndilo jibu langu lote, na kwamba sitaandika tena. Kisha nikaomba jina langu liondolewe kwenye orodha.

Kabla halijaondolewa barua mbili zaidi zilishuka. Moja ilikuwa yake. Aliwaambia wote kwamba alitarajia nitakimbia, maana ndivyo inavyokuwa hoja zinapowaishia watu kama mimi. Ya pili ilikuwa ya msimamizi, akizishukuru pande zote mbili kwa mjadala wenye manufaa.

Nilidhani nitaumia. Niliumia siku mbili tatu, hasa nikifikiria watu wanaosoma ile barua yake na kuamini. Baadaye ikawa kama mtu aliyetua mzigo na bado anatembea ameinama, mpaka anakumbuka kwamba hana kitu kichwani. Taya likaacha kuuma. Ubaoni, ratiba mpya ya zamu ilibandikwa juu ya majibu yangu, na sikuona mtu aliyeyaulizia.

Muhula ulipokuwa unakwisha, mwalimu wa hesabu aliniita akasema kuna barua yangu, si ya jukwaa, ni ya mtu binafsi. Ilitoka kwa msichana Mtanzania aliyekuwa akisoma chuo huko ng'ambo. Hakuwahi kuandika hata mara moja kwenye jukwaa, alisoma tu. Alieleza kwamba katika darasa lao la majadiliano alikuwa mweusi peke yake, na mambo ya yule bwana yalikuwa yakisemwa pale na vijana wenzake, kwa adabu ileile. Alikuwa akiyachapisha majibu yangu na kuingia nayo darasani. Siku nyingine aliyasoma kwa sauti. Siku nyingine aliyaacha tu ndani ya mkoba, akajua yapo. Aliuliza kwa nini nimeacha, na kama nitarudi.

Mwalimu wa hesabu alinipisha kiti. Niliisoma tena polepole. Sikuwa nimewahi kuwafikiria waliokaa kimya. Nilikuwa nimemwandikia yule bwana mwaka mzima, na yeye hakunisoma. Aliyenisoma alikuwa binti wa watu, ambaye simjui, na ambaye sikumwandikia hata sentensi moja.

Nilifurahi, lakini sikurudi. Nilimjibu binti yule kwa Kiswahili. Nilimwandikia majina ya vitabu viwili vya baiolojia ambavyo angevipata kwa urahisi kwenye maktaba ya kule, nikamweleza sura za kusoma. Nikamwambia hakuna anayemlazimisha kujibu kila mara, na kwamba kama usiku halali, basi anamlipia huyo mtu gharama kubwa kuliko anayostahili. Nikamuuliza anakula nini, na kama kuna mtu wa kwao karibu.

Alinijibu mara moja tu. Alisema vitabu amevipata, kozi ile ameimaliza na amefaulu, na mwanafunzi mmoja, siyo mbishi mkubwa wa darasa lao bali mwingine aliyekuwa akikaa nyuma, alimwomba makaratasi yake akayatolee nakala. Unga wa ugali hupatikana, alisema, ila ni ghali na si mzuri. Kule kulikuwa na baridi, na alikuwa akingoja iishe, miti ichipue majani.